Mdogo Wangu Hakukana

Wanasema mkono mtupu haulambwi. Mkono wa Mama Maji haukulambwa hata ulipojaa.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti, upande wa wanawake, katika hospitali kubwa. Miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo watu walimlilia begani, wakamwombea baraka, wakamwita mama wa wote, lakini kumshika mkono, thubutu! Harusini walimpungia kwa mbali. Akipakua chakula, walioshiba ghafla walikuwa wengi. Karani wa chumba cha maiti, mwanamke ambaye walifanya kazi pamoja tangu wote wawili wana meno kamili, alimpa funguo kwa kuzisukuma na rula. Na kaka yake mkubwa, dalali wa nyumba ambaye kwa kupenda ubishi walimwita Hoja, kila alipomtembelea alikuja na kikombe chake mfukoni, akasema daktari kamwambia atumie cha chuma tu. Mama Maji hakuuliza ni daktari gani. Kinyaa hata ukikivalisha koti, utakijua kwa mwendo wake.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekula na kunywa mkononi mwake bila kuinusa sahani: mdogo wake wa kike, mshonaji wa mapazia. Kila Jumamosi alasiri alikuja, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kiti kibovu na kusema, "Dada, mimina." Na dada akamimina chai kwenye kikombe cha bluu chenye pengo mdomoni, kikombe ambacho hakikuwa na mwenyewe mwingine kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

Sasa, miaka saba kabla ya haya ninayoyasimulia, mdogo mtu aliingia kwa Wamormoni. Wasichana wawili wenye vibandiko vya majina kifuani walipita dukani kwake wakiuliza njia, naye hakuwa mtu wa kumwacha mgeni apite bila kumkalisha. Wakakaa katikati ya mapazia, wakazungumza. Wakarudi. Mwaka haukuisha, akabatizwa. Jumamosi moja akaja, akavua viatu, chai ikamiminwa, akakisogeza kikombe pembeni kwa kidole kimoja.

"Chai sinywi tena, dada."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni dini yangu mpya. Chai na kahawa tumeacha."

Mama Maji aliutazama mkono wa mdogo wake. Kile kidole! Alikuwa amekiona kwa watu mia, hakutegemea kukiona kwa huyu.

"Sema tu," alisema. "Sema mikono yangu inanuka. Usimsingizie Mungu."

"Dada! Hebu nipe maji ya moto."

"Ya nini?"

"Ya kunywa. Kwenye kikombe hichohicho."

Akayanywa matupu, akipuliza na kuvuta kwa sauti kama anayekunywa chai ya sikukuu. Na tangu siku hiyo, kila Jumamosi, maji ya moto kwenye kikombe cha bluu. Mama Maji alimsamehe mdogo wake. Ile dini hakuisamehe. Dini gani inamkataza mtu chai ya dada yake? Aliiita kikundi, aliiita usanii, tena mbele ya mwenyewe, na mwenyewe alicheka tu. Siku mdogo mtu alipomwuliza mama yao alizaliwa mwaka gani, ili mtu aliye hai abatizwe kwa niaba yake, Mama Maji aliweka birika chini kwa kishindo.

"Mama alikufa, nikamwosha mwenyewe. Yametosha hayo maji."

"Haya, dada. Yametosha." Na hakuuliza tena.

Ndipo ugonjwa ukaja, ugonjwa wa tumbo usiosikia dawa. Wiki tatu Mama Maji alikaa kando ya kitanda, yeye peke yake, maana Hoja alikuwa na wateja na binti wa mgonjwa, fundi simu, alikuwa safarini kikazi. Mchana mmoja mgonjwa akasema, "Dada, siku yangu ikifika, wewe unioshe. Halafu waje wenzangu wawili wanivalishe nguo zangu za hekaluni."

"Kwa nini nisikuvalishe mwenyewe? Nimevalisha wake za wakubwa."

"Nguo zile si za kila jicho."

"Jicho langu limekuwa chafu?"

"La." Mgonjwa alipumzika kidogo. "Wewe chumbani kwako umeona mangapi? Umeniambia hata moja?"

Mama Maji hakuwahi kumwambia hata moja.

"Na jambo la mwisho. Wasije wakasema nilikana. Sikukana."

"Nani aseme?"

"Unamjua mwenyewe."

Akafa siku ya nne yake, asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu.

*

Msiba ukawekwa kwa Hoja, kwa kuwa sebule yake ni kubwa. Mama Maji alipofika kutoka hospitali alikuta wanaume wamejaa kwenye makochi, wanawake barazani, na binti wa marehemu amekaa chini kando ya mlango, macho mekundu. Hoja alikuwa amesimama katikati, mwavuli mkononi, ijapokuwa nje kulikuwa kukavu.

"Naomba niseme wazi," alikuwa akisema. "Hii si dini. Hiki ni kikundi. Dini inajulikana. Dini ina wazee wake, ina nyimbo ambazo hata mlevi anazijua. Hawa nani anawajua?"

"Mimi nasikia wanaoa wanne wanne," alisema jirani mmoja, dereva mstaafu.

"Waliacha, mzee," alijibu binti pale chini. "Zaidi ya miaka mia sasa."

"Loo! Basi nimechelewa."

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kinachoombewa radhi kwa kukohoa. Hoja hakucheka.

"Wanabatiza wafu!" alisema. "Wafu!"

"Hawawagusi wafu, mjomba. Aliye hai ndiye anaingia majini badala yao."

"Ndio hivyohivyo. Na kitabu kingine wanacho, juu ya Biblia. Mtu mwenye kitabu kimoja na mtu mwenye viwili watazikwa pamoja? Mimi nimeongea na mchungaji wa kanisa la mama. Ile nafasi ya kaburi pembeni ya mama ipo. Lakini mchungaji hawezi kumzika mtu wa kikundi. Labda kama alikikana kabla hajakata roho."

Akawatazama wote, mmoja mmoja, kama anayeonyesha nyumba kwa wapangaji.

"Na kama kuna mtu bado anadhani ni dini, nitamwonyesha kitu."

Akainama, akavuta kutoka chini ya meza furushi jeupe lililofungwa kwa utepe. Mama Maji alilijua: zile nguo za hekaluni. Mdogo wake alilihifadhi kwenye sanduku lake, chini ya mapazia, na yeye ndiye aliyemwagiza binti alilete.

"Mjomba, hilo usifungue!"

Hoja alikwisha kata utepe. Hakutia mkono, alitumia ncha ya mwavuli, kama mtu anayefukua jalala. Likatoka gauni jeupe. Ikatoka aproni ya kijani. Halafu ncha ya mwavuli ikazama zaidi, ikainua nguo za ndani, nyeupe, ndefu hadi gotini, ikaziinua juu mbele ya makochi yote.

"Tazameni! Mtu wa dini ndiyo anavaa hivi?"

Mmoja akaguna. Mwingine akasogea mbele ili aone vizuri. Dereva mstaafu, na nimsifu kwa hilo, aliangalia chini.

Mama Maji alikuwa ameona watu waliokaa majini siku nane. Alikuwa ameokota vidole na kuvirudisha kwa wenyewe. Vijana wa udaktari walizimia mbele yake, naye akawashika kwa mkono mmoja na sabuni kwa mkono mwingine. Hakuwahi kutapika. Lakini pale sebuleni kwa kaka yake, akitazama nguo ya ndani ya mdogo wake ikining'inia kwenye mwavuli, mate yalimjaa mdomoni, mazito, ya chumvi. Aliona mshono pajani, ulipochanika na kushonwa tena, mishono midogo kama punje za ufuta. Mkono wa mdogo wake ule. Alikuwa ameishona nguo hiyo ili isionekane na mtu, na sasa wanaume kumi na mmoja walikuwa wanaitazama.

Kazini kwake palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mwanamke hafunuliwi mbele ya wanaume, hata awe hajui tena. Ukimwosha mguu, unafunika tumbo. Miaka ishirini na sita hakuivunja hata kwa mwizi aliyeuawa sokoni. Na huyu hapa ndugu wa tumbo moja ameivunja kwa sekunde moja, ili ashinde ubishi.

Akapita katikati ya makochi. Akaishusha ile nguo, akaikunja, akakunja gauni, akakunja aproni, akafunga furushi kwa kilemba chake mwenyewe. Akaenda jikoni, kichwa wazi.

Hoja akamfuata, karatasi mkononi.

"Usinune. Nimefanya kwa faida yake." Akaiweka karatasi mezani, karibu na ndoo ya maji. "Hii inataka sahihi yako. Wewe ndiye uliyekuwa kitandani, wewe ndiye shahidi."

Mama Maji alikuwa na darasa la nne, lakini aliyoyasoma aliyasoma. Akafuata maneno kwa kidole. *Mimi dada wa marehemu nashuhudia kwamba marehemu, akiwa na akili timamu, alikikana kikundi cha upotofu na kuomba kurudi.*

"Hakusema haya."

"Najua hakusema! Angesema kungekuwa na haja ya barua?" Hoja alishusha sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Mama alitaka nini? Mabinti zake wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Alisema hivyo au hakusema?"

"Alisema."

"Unataka alale kwa mama, hutaki?"

Hapo alimpata. Alitaka. Tangu asubuhi ile ya hospitali hakuwaza kitu kingine: lile kaburi la mama lenye nafasi mbili, na mdogo wake, ambaye hata ukubwani hakupenda kulala peke yake chumbani, atupwe mbali na wao. Sahihi moja tu. Na marehemu hasikii.

"Wewe mwenyewe uliita kikundi," Hoja alizidi kusukuma. "Nilikusikia kwa masikio yangu. Kwa ajili ya chai!"

"Niliita."

"Basi shida iko wapi?"

"Niliita mbele yake, akanijibu. Sasa hajibu."

"Ah, maneno hayo." Na Hoja, kwa haraka aliyokuwa nayo, akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka ishirini na sita. Aliushika mkono wa dada yake. Aliushika wote, kiganja kwa kiganja, akaingiza kalamu katikati ya vidole na kuuvuta kuelekea kwenye karatasi.

Mama Maji aliutazama ule mkono. Ulikuwa laini, una joto, unanukia mafuta ya nywele. Mkono uliobeba kikombe chake mwenyewe. Haukumshika alipozaa, haukumshika alipofiwa na mume. Leo umemshika, kwa sababu unataka kitu.

"Kaka," alisema, "leo mkono wangu haukutishi?"

"Si wakati wa hayo."

Akauchomoa. Akachota maji kwenye ndoo, akachukua sabuni ya vyombo, akanawa. Vidole, katikati ya vidole, kucha, mpaka kwenye viwiko, kama anavyonawa akimaliza zamu. Akasuuza. Akanawa tena. Wanawake wa barazani walikuwa wamekuja mlangoni, wanatazama. Mara ya tatu akanawa, na Hoja amesimama palepale, rangi imembadilika, maana hakuna asiyejua mtu ananawa hivyo akiwa amegusa nini.

Halafu akajifuta vizuri, akachukua kalamu. Chini ya maneno yote ya kaka yake akaandika kwa herufi zake kubwa za darasa la nne: *Mdogo wangu hakukana.* Akatia sahihi.

Hoja akasoma. "Basi kwa mama hatalala!"

"Nimesikia."

"Na mimi mazikoni simo!"

"Na kwangu usilete tena kikombe chako," alisema Mama Maji.

*

Kesho yake asubuhi, chumba cha maiti. Karani alikuwa na daftari lake kubwa, rula kando.

"Dini?"

Binti wa marehemu akavuta pumzi. "Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho."

"Mama yangu! Hilo jina au safari?" Karani akageuza daftari walione. "Kisanduku ni hiki, kidogo kama kiberiti. Halafu mjomba wako kapiga simu. Anasema hicho ni kikundi, niandike 'hana'."

"Akiandikwa 'hana' anakwenda wapi?" aliuliza Mama Maji, ingawa alijua.

"Makaburi ya jiji, upande wa nyuma. Na wasiojulikana. Anapewa namba."

"Andika jina."

"Haliingii, bibi wee."

"Andika kwa herufi ndogo." Mama Maji aliegemea meza kwa mikono yote miwili, viganja juu ya daftari, na karani akarudisha kiti nyuma. "Mwosha huoshwa, sawa. Na karani je? Mimi na wewe nani mzee? Siku yako ikifika utaletwa mlango ule, upande wa wanawake, na hakutakuwa na rula. Andika vizuri, mwenzangu."

Karani akaandika. Ilibidi apinde mstari ukingoni mwa kisanduku, uteremke pembeni ya daftari, lakini jina liliingia lote.

Wale wenzake marehemu wawili wa kanisani walikuwa wamekwisha fika: mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwingine mwenye duka la vitambaa, mnene, anahema. Mama Maji aliwatazama kwa jicho baya. Alitegemea wasimame mlangoni na leso puani, kama wanavyosimama waumini wa dini zisizobishaniwa na mtu. Hawakusimama mlangoni. Mwalimu alikunja mikono ya blauzi, akauliza, "Dada, ndoo tuzijazie wapi?" Wakamjazia maji. Naye akaosha.

Alimwosha polepole. Mguu, anafunika tumbo. Tumbo, anafunika kifua. Alimkata kucha. Alimsuka nywele mistari mitano, kama walipokuwa watoto. Alipomaliza akaleta furushi, na wale wawili wakatazamana.

"Dada," alianza mwalimu, "samahani sana. Hapa sasa..."

"Najua. Aliniambia." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Mimi niliyemlea nitoke, ninyi mliomjua juzi mbaki. Ninyi na siri zenu! Hebu niambie, mwalimu, unafundisha watoto. Hii yenu ni dini au ni kikundi?"

Mwalimu hakuruka wala hakuhubiri. "Ningesema dini," alijibu. "Lakini ungeniuliza mimi tu, ningekujibu nini kingine? Tuna vitu tusivyovionyesha, dada. Basi."

"Hata mimi ninavyo," alisema Mama Maji, na akatoka nyuma ya pazia.

Pazia lile lilikuwa zito, la kijivu, na lilishonwa na mdogo wake miaka kumi na mitano nyuma, bila kuombwa, siku aliposikia kwamba wabeba machela wanaume wanapita wakichungulia. Mama Maji alisimama nyuma yake, akashika upindo. Mishono midogo, punje za ufuta. Aliwasikia wakinong'ona, nguo ikisuguana. Bado alikuwa na uchungu. Asikudanganye mtu kwamba ulikwisha.

Kisha ikaja sauti ya yule mnene. "Haupiti. Mkono wa kushoto umekaza kabisa."

"Usivute!" Mama Maji alikuwa amesema kabla ya kufikiri. "Unavuta kiganja, si ndiyo? Acha. Weka mkono wako begani kwake. Sugua, kwa mviringo. Taratibu, si ukuta huo."

"Hivi?"

"Mimi sioni! Unasikia unalainika?"

"Kidogo."

"Endelea. Ongea naye, anapenda kuongeleshwa. Mwambie nini unafanya. Sasa kunja kiwiko, leta mkono kifuani, ndipo uingize nguo. Kiwiko kwanza."

Nguo ikateleza.

"Umepita, dada."

"Wa kulia fanyeni vivyo hivyo. Na shingoni mlegeze kidogo, hakupenda kubanwa."

Hivyo ndivyo alivyomvalisha mdogo wake, kwa mdomo, amelipa pazia mgongo. Wala hakuchungulia.

Walipotoka, jasho limewalowa, birika lilikuwa linachemka kwenye kona yake. Mama Maji aliweka vikombe vitatu, cha bluu kikiwemo.

"Chai?" aliuliza, kwa makusudi.

Wakatazamana tena. Yule mnene akafungua mdomo, akaufunga.

"Najua, najua. Ndiyo maana watu wanawasema." Akamimina maji ya moto matupu kwenye viwili, cha bluu akampa mwalimu. Mwalimu alikipokea, vidole vyake vikigusa vya Mama Maji, akageuza upande wenye pengo, akanywa. Mama Maji akajimiminia chai yake nyeusi, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga kwa kelele.

Mchana wakazika makaburi ya jiji, upande wa mbele, wenye majina. Hoja hakuonekana. Kutoka pale hadi kaburi la mama ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mama Maji aliutembea jioni ileile, akasimama kwenye zile nafasi mbili tupu, akamweleza mama yake kwa nini hata yeye sasa hataihitaji yake: mdogo mtu hapendi kulala peke yake.